Kufundisha Maji Maji bila kukariri

Mwalimu, umesema wanafunzi wanakariri 1905–1907 lakini hawaoni Vita vya Maji Maji vinawahusu. Usianze na tarehe. Anza na pamba: wakulima wa Umatumbi, kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo, walilazimishwa na watawala wa Kijerumani kuilima kwa ujira duni, wakaing'oa. Kisha makundi ya wanne, dakika 10: kwa nini jamii tofauti ziliungana, na kwa nini Waafrika wengine walikuwa askari wa Wajerumani? Swali la pili walimu wengi hulikwepa, nalo ndilo linalomfanya kijana apime uraia kama uamuzi wake mwenyewe. Eleza pia njaa: mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Kwenye jaribio, acha "taja sababu tano". Uliza ipi ilikuwa nzito zaidi, kwa ushahidi gani.