Mtoto analia kila jioni na daktari kasema hana tatizo: majibu yangu kwa baba mwenzangu

Mkuu, hongereni kwa kupata mtoto, na poleni kwa hizo jioni. Umesema ana wiki tano, anaanza kulia jua likizama na kuendelea hadi usiku mkubwa, hospitali wamemkagua mara mbili wakasema mzima, mama mkwe anashikilia kwamba maziwa hayatoshi, na wewe unauliza dawa inayofanya kazi ya chango, yaani hicho kilio kirefu cha mtoto mchanga asiye mgonjwa. Binti yangu alitupitisha njia hiyohiyo, ndiyo maana najibu kwa kirefu. La dawa nalimaliza mapema: hakuna ya kumnyamazisha, na muda unaozunguka kuitafuta ni bora ukalala.

Chanzo cha chango hata madaktari wenyewe hawajaafikiana. Kipimo maarufu kilitolewa mwaka 1954 na daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, na wenzake: kulia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Vigezo vya mwaka 2016 vimeachana na kuhesabu saa. Sasa wanaangalia mtoto wa chini ya miezi 5 anayelia sana bila sababu ya wazi, habembelezeki, lakini anakua vizuri, hana homa na si mgonjwa. Huyo ni wa kwako kabisa.

Kitu kilichonisaidia zaidi kukijua ni ratiba ya kilio. Daktari mwingine wa hukohuko, T. Berry Brazelton, aliwapa wazazi kazi ya kuandika muda ambao watoto wao walilia, akachapisha matokeo mwaka 1962. Hao walikuwa watoto wa kawaida, wala si wa chango, na bado kilio kilipanda tangu wiki za mwanzo, kikafika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha kikashuka. Kwa wa chango mkondo ni huohuo, ila mlima ni mrefu zaidi, na wengi hutulia wakifikisha miezi 3 au 4. Sasa piga hesabu yako: wiki ijayo huenda ikawa mbaya kuliko hii. Sikutishi. Nakuambia ili ikija usidhani kuna kitu mmeharibu, au kwamba dawa mliyoanza juzi imemdhuru. Vilevile atakapoanza kutulia, yeyote aliyempa chochote wiki hiyo atajisifu kuwa ndiye aliyemponya.

Kuhusu gesi. Najua unachokiona: uso mwekundu, ngumi zimekazwa, magoti yamekunjwa hadi tumboni, tumbo gumu, kisha anajamba na kila mtu anasema "si unaona?" Lakini mtoto anayelia anameza hewa nyingi, kwa hiyo mara nyingi gesi inaletwa na kilio chenyewe. Matone ya simethikoni, dawa ya gesi, yamejaribiwa kwa kulinganishwa na dawa bandia isiyo na kitu ndani, hayakuonyesha nafuu ya ziada. Msimpe maji, wala mchanganyiko wa majani kutoka kwa mtu yeyote, hata kama ni mtu mnayemheshimu. Asali ndiyo kabisa hapana hadi afikishe mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya kichanga mpaka ashindwe kupumua.

Tulichobaki nacho sisi ni mikono. Mkao uliotufaa ni huu: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chake kwenye mkunjo wa kiwiko, uso umegeukia nje ili pua iwe wazi, mikono na miguu ikining'inia pande mbili, na kiganja chako kikishika paja lake. Kiganja cha pili kiweke mgongoni. Hapo uzito wake mwenyewe unalibonyeza tumbo kidogo. Kisha tembea polepole ukikunja magoti kila hatua, taa zimepunguzwa, ukitoa "shhhh" ndefu karibu na sikio lake. Utasikia mgongo unalegea chini ya kiganja kabla kilio hakijakatika. Wakati mwingine utasikia hivyo, kisha anaanza upya kwa nguvu zote. Ndivyo kilivyo. Akisinzia, mgeuze umlaze chali kwenye kitanda chake, hata kama umechoka kiasi gani. Usikae naye kwenye kochi ukapitiwa na usingizi, watoto hufia hapo.

Kuna watakaokuambia mbebe kutwa nzima. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1986 ulionyesha kweli kwamba watoto wa kawaida wanaobebwa zaidi hulia kidogo zaidi. Walipokuja kujaribu kwa watoto waliokwisha kuanza chango, tofauti haikuonekana. Mbebe kwa kuwa anahitaji kubebwa, lakini asiwepo wa kumlaumu shemeji kwamba hambebi vya kutosha.

Na maziwa? Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba mizani ndiyo inayosema. Mtoto wa umri huo anayeongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku kwa wastani na kulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku anashiba. Jioni watoto wengi hutaka kunyonya mfululizo na matiti huwa yamelegea, ndipo watu wanaposema yamekauka. Hayajakauka. Kitu cha kumuuliza daktari ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, hasa ukiona ukurutu kwenye ngozi, kamasi au damu kwenye choo, au anatapika sana. Mkibadilisha maziwa ya kopo kila wiki kwa kubahatisha, hamtajua kipi ni kipi.

Sasa nyinyi wenyewe, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Kilio hicho kinaweza kumtia hasira mtu mpole kuliko wote. Mimi ilinifika: saa sita usiku, shati limelowa mate na maziwa, nikasikia meno yangu yanasagana. Nilimlaza chali kitandani kwake, nikafunga mlango, nikaenda kunawa uso na kukaa nje mpaka mikono ilipotulia. Alilia, ndiyo. Kulia dakika kumi kitandani hakumdhuru mtoto aliyeshiba. Kumtikisa kunaua: shingo yake haijakaza, kichwa ni kizito, mishipa midogo ya ubongo inakatika na damu inavuja ndani. Na visa hivyo huongezeka katika miezi hiihii ya mwanzo ambayo kilio kiko juu. Mkubaliane mapema, mchana mkiwa na akili timamu, kwamba yeyote anayesema "mchukue" anapokewa papo hapo bila maswali. Na kama kuna ndugu au mlezi anayebaki naye, mwambieni jambo hilohilo kwa maneno ya wazi.

Sisi tuligawana zamu. Mimi jioni hadi katikati ya usiku, mwenzangu amejifungia chumba cha mbali na pamba masikioni, analetewa mtoto wa kunyonya tu kisha anarudi kulala. Baada ya hapo yeye. Hakuna usiku wa wawili kukesha pamoja mkitazamana. Mkifanya hivyo, ndani ya wiki mtakuwa mnagombania mambo yasiyomhusu mtoto kabisa.

Msisubiri kesho mkiona joto la 38 au zaidi, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, kukataa kunyonya, nepi kavu, utosi uliovimba, mtoto kulegea, au kilio kilichobadilika sauti ghafla. Akilia kwa namna usiyoizoea, mvue nguo zote kwanza. Angalia kinena kama kuna uvimbe wa ngiri, kisha vidole vya mikono na miguu kimoja kimoja, maana unywele wa mama unaweza kujizungusha kwenye kidole na kukikaba mpaka kivimbe.

Mwisho, umegusia kwa mstari mmoja kwamba shemeji analia pamoja na mtoto. Huzuni ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwa imeondoka ndani ya wiki mbili. Yeye yuko wiki ya tano. Mpeleke akaonwe yeye wiki hii, si mtoto, na umweleze daktari usingizi wake ukoje na kama anasema maneno ya kujiona hafai. Akina baba nao hupatwa na sonona, kwa hiyo na wewe jieleze hapohapo.