Nilivyompatia mbwa wangu mwenye kifafa mlezi mpya

Mkuu, umesema mbwa wako ana kifafa, unahama na huwezi kwenda naye, kila anayempenda kwenye picha anaingia mitini akisikia habari ya dawa. Sasa unajiuliza kama uinyamazie kwanza mpaka watu wamzoee. Usithubutu. Mimi nilijaribu.

Wangu alianza kuanguka akiwa na miaka 2. Vipimo vya damu havikuonyesha sababu, na daktari wa mifugo akaniambia kifafa cha namna hiyo mara nyingi huanza kati ya miezi 6 na miaka 6. Akamwanzishia fenobabitali, vidonge vya kuzuia degedege, kila baada ya saa 12. Tukaenda hivyo vizuri tu hadi kazini wakanihamishia zamu za usiku. Dozi ya saa 2 usiku ikakosa mtu.

Aliyejitokeza kwanza nilimwambia "kuna dawa kidogo anameza". Akamchukua Ijumaa. Jumatatu alfajiri simu: njoo, mbwa wako anakufa. Kumbe degedege lilikuwa limeshapita, yuko kwenye ule muda wa kuchanganyikiwa unaofuata baada yake, anajigonga ukutani na hamtambui mtu. Na yule bwana tangu Jumamosi hakumpa kidonge, maana alimwona mzima. Dawa hii ukiikata ghafla, kuikata kwenyewe kunaleta degedege. Nilimrudisha nyumbani siku hiyohiyo. Simlaumu yeye. Ni lile "kidogo" langu.

Mara ya pili tangazo langu lilianza na ugonjwa, sentensi ya kwanza kabisa. Nikaambatanisha na video niliyokuwa nimemrekodia daktari: sekunde 70, miguu inapiga kama anaogelea, povu, mkojo sakafuni. Wengi wakapotea, nikashukuru. Wakabaki wawili. Mmoja alinijaza maneno ya huruma, maskini wee, nitampa upendo wote. Mwingine, mama mmoja aliyekuwa akimchoma paka wake insulini asubuhi na jioni, aliuliza hivi: "Nikichelewa saa moja inakuwaje?" Nikajua nimepata mtu.

Hatukukabidhiana siku moja. Kwa wiki tatu alikuja kwangu saa ya dozi akampa mwenyewe, mimi nikikaa pembeni. Mbwa wangu ni mjanja, anameza nyama na kukitema kidonge nyuma ya bakuli. Ilibidi ajifunze kukiweka nyuma ya ulimi, kufunga mdomo na kusubiri. Akilamba pua, kimeshuka. Siku ya nne akakikuta kidonge kimelowa chini ya mkeka, akacheka, akaanza upya. (Hapo ndipo nilipoacha kulala na wasiwasi.)

Daftari la degedege nalo nilimpa: tarehe, saa, limechukua muda gani, kilichotangulia. Ukurasa wa kwanza niliandika kwa herufi kubwa: usitie mkono mdomoni, hamezi ulimi; sogeza viti, zima redio, tazama saa. Likipita dakika 5, au yakifuatana bila yeye kurudiwa na fahamu, ni kwa daktari moja kwa moja, hakuna kusubiri kuche. Jalada la hospitali lilitangulia kwa daktari wake mpya ili vipimo vya ini na vya kiwango cha dawa kwenye damu visikatike, na alipoondoka alibeba vidonge vya mwezi mzima. Kumhasi nilishamhasi zamani; mbwa wa kifafa hazalishwi.

Tuliandikiana pia karatasi kwamba akishindwa, mbwa anarudi kwangu, hapewi mtu wa tatu. Wengine watakuona mkorofi. Waache. Anayekasirishwa na sharti hilo simpi hata kuku.

Kwako wewe unayehama, hapo kwenye kurudi ndipo pagumu, kwa hiyo tafuta mapema ndugu au rafiki atakayempokea kwa niaba yako, na jina lake liwemo kwenye hiyo karatasi. Na usingoje wiki ya kufunga mizigo. Mimi ilinichukua miezi minne, ukihesabu na ile Jumatatu.

Juzi yule mama kanitumia picha ya daftari, ukurasa mpya, mwandiko wake: "Saa 10:15 alfajiri. Sekunde 50. Kidonge cha asubuhi kaficha kwenye kiatu changu, nimekikuta."