Maswali ya Wasomaji: Njia ya Pembeni Yenye Kona Kali Katika Reli ya Mfano

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu ninayeishi Columbus, Ohio. Nimejenga reli ya mfano ya kipimo cha HO (uwiano wa 1:87) juu ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8. Ni duaradufu moja tu ya reli za kampuni ya Atlas, yenye kona za nusu kipenyo cha inchi 18. Treni inazunguka vizuri, lakini kuzunguka pekee kumeanza kunichosha, na ningependa kuongeza njia ya pembeni ndani ya duaradufu hiyo, ili mabehewa yapelekwe kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo ninachotaka kukiweka katikati ya ubao. Nafasi niliyo nayo hainiruhusu kupinda kwa zaidi ya inchi 15. Rafiki yangu mmoja ameniambia nisithubutu, kwa kuwa kila kitu kitaacha reli. Nina injini mbili za ekseli nne, moja ya ekseli sita, mabehewa ya mizigo ya futi 40 na ya futi 50, na mabehewa mawili ya abiria ya futi 85. Je, niufuate ushauri wake?

JIBU: Rafiki yako hana kosa kuhofu, lakini amemkamata asiye mwizi. Kona ya inchi 15, yaani yenye nusu kipenyo cha milimita 381 kinachopimwa hadi katikati ya mataruma, hupitika na sehemu kubwa ya vyombo ulivyovitaja. Mara nyingi mabehewa huanguka kwa sababu ya kiungo cha reli kilichokunjika, au kona mbili zinazoelekea pande tofauti bila kipande kilichonyooka kati yake, au mwenye reli kutaka kufunga na kufungua mabehewa papo hapo kwenye mpindo. Ukitumia kona kwa kupita tu, na kazi yote ya kusimamisha na kupakia ukaifanyia kwenye reli iliyonyooka, njia yako itakutumikia.

Wajenzi wa reli za mfano nchini Marekani huanza na hesabu nyepesi: wanagawanya nusu kipenyo cha kona kwa urefu wa behewa. Jibu likiwa 3 au zaidi, behewa hupita bila taabu hata likifungwa na mengine ya urefu tofauti, likiwa 2.5, hupita iwapo yote yanakaribiana kwa urefu. Likikaribia 2, unacheza na bahati. Kufunga mabehewa yenyewe kwa yenyewe juu ya kona huhitaji uwiano wa karibu 5, jambo ambalo kwenye ubao wa futi 4 kwa 8 lisahau. Behewa la futi 40 katika kipimo cha HO lina urefu wa karibu milimita 140, kwa hiyo kwenye kona yako linapata 2.7, nalo litapita. La futi 50 lina milimita 175, linapata 2.2, na hapo ningesita. La abiria la futi 85 linakaribia milimita 297 na linapata 1.3; hilo lisiingie kabisa, na kwa kweli hata kwenye inchi 18 linateseka. Ushauri wangu ni njia ya pembeni iwe ya mabehewa ya futi 40 peke yake. Huko Marekani kwenyewe nafaka na vyakula vya mifugo vilisafirishwa kwa miaka mingi katika mabehewa yaliyofunikwa ya urefu huohuo, kwa hiyo hutakuwa umeulazimisha ukweli kufuata ubao.

Injini ya ekseli sita ibaki kwenye njia kuu. Bogi yake, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya injini, ni ndefu na yenye ekseli tatu, nayo hubanwa kati ya reli mbili, na pua yake, ikichomoza nje ya kona, huvuta kiunganishi cha behewa fupi upande hadi gurudumu la kwanza linanyanyuka. Hizo mbili za ekseli nne zitafaa. Ukipata siku moja injini ndogo ya kupangia mabehewa, kama ile ya General Electric ya tani 44 iliyotengenezwa kuanzia 1940 hadi 1956, utaona kona hiyo haina ukali wowote kwake. Asikwambie mtu kwamba kona za namna hii ni za watoto: vituo vya mizigo vya mjini vilijaa kona kama hizo, na injini ya kwanza ya dizeli ya kupangia mabehewa iliyofanikiwa kibiashara, namba 1000 ya Central Railroad of New Jersey, ilianza kazi mwaka 1925 katika kituo cha Bronx, New York, ambacho mabehewa yalikifikia kwa tishari na ambacho reli zake zililizunguka ghala la mizigo kwa mipindo mikali.

Sasa kuhusu mahali pa kuchepukia. Weka pointi, yaani kile kipande cha reli kinachoihamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine, kwenye sehemu iliyonyooka, kabla ya kona ya mwisho wa ubao, na uchague pointi inayochepuka kuelekea ndani, upande uleule ambao njia yako ya pembeni itaendelea kupinda. Kwa njia hiyo behewa linageuka upande mmoja tu tangu linapoiacha njia kuu hadi linapofika kiwandani. Pointi za Atlas za aina ya Snap-Switch huchukua nafasi ya kipande kilichonyooka cha inchi 9, na tawi lake hupinda kwa inchi 18, kwa hiyo utakuwa umegeuka digrii 20 kwa upole kabla hujaanza kona ya inchi 15. Ukiongeza digrii 70 kwa kona hiyo, reli itakuwa imefanya pembe mraba na njia kuu, karibu sentimita 39 ndani yake. Kutoka hapo hadi karibu na njia ya upande wa pili, ukiacha nafasi ya kizuizi cha mwisho wa njia na ya treni inayopita, utabakiwa na takriban sentimita 45 zilizonyooka, ambazo zinatosha mabehewa matatu ya futi 40 kwa kubanana. Hapo ndipo pa kujenga kiwanda chako, na hapo ndipo pa kuweka sumaku ya kufungulia viunganishi ukiwa unatumia vya kampuni ya Kadee, kwa sababu kwenye kona vidole vya viunganishi havikabiliani sawasawa.

Angalia pia mwelekeo. Pointi ikae kiasi kwamba treni yako, kwa upande inaozunguka kwa kawaida, iipite kwanza, kisha irudi nyuma na kusukuma mabehewa ndani. Ukiigeuza, injini itaingia ya kwanza na kufungiwa mwisho wa njia nyuma ya mabehewa yake. Kwa kuwa utakuwa unasukuma, uzito wa mabehewa ni jambo la kutazama: National Model Railroad Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1935, hupendekeza kwa HO aunsi 1 na kuongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo behewa la inchi 5 na nusu lifikie aunsi 3.75, yaani kama gramu 106. Mabehewa mengi ya dukani ni mepesi kuliko hapo, na behewa jepesi likisukumwa kwenye kona hunyanyuka.

Utandikaji wenyewe ndio unaotaka subira. Vipande vya inchi 15 vilivyokwisha pindwa vinauzwa, lakini mimi ningetumia reli ya kupindika. Piga msumari mahali penye kitovu cha kona, chukua ufito wenye tundu la penseli kwenye milimita 381, na uchore mstari wa katikati ubaoni. Kama kiungo kitaangukia ndani ya kona, lehemu vipande viwili kwa risasi vikiwa bado vimenyooka, ndipo uvipinde. Ukivipinda kwanza na kuviunga baadaye, ncha za reli hutaka kurudi zilivyokuwa na kuacha kijipembe ambacho jicho halikioni lakini gurudumu linakiona. Reli ya ndani itachomoza mwishoni kwa sababu njia yake ni fupi zaidi. Ikate, kisha lainisha ncha kwa tupa ndogo, hasa ukingo wa juu na wa ndani ambao ukingo wa gurudumu hupitia. Usigongee misumari hadi ibonyeze mataruma, kwani taruma likikunjika katikati reli mbili hukaribiana, na kwenye kona kali nafasi ya milimita 16.5 haina cha kupunguzwa.

Umbali kati ya njia mbili nao usipuuzwe. Kwenye sehemu zilizonyooka inchi 2 kati ya mistari ya katikati zinatosha. Kwenye kona, behewa lako la abiria linapopita katika njia kuu, tumbo lake huingia ndani kwa karibu milimita 12, wakati pembe ya behewa la futi 40 lililosimama kwenye njia ya pembeni hutoka nje kwa karibu milimita 3. Upana wa kila moja ni kama milimita 35, kwa hiyo kwa umbali wa inchi 2 utabakiwa na milimita 1 tu kati yao. Sogeza mabehewa yanayosubiri hadi mahali ambapo njia zimeachana kwa inchi 3, na uweke alama ya rangi kwenye taruma la mahali hapo.

Kwa upande wa umeme, njia inayoishia kizuizini haileti utata. Matawi yote ya Snap-Switch hupata umeme wakati wote. Ukitumia umeme wa kawaida wa DC (mkondo wa upande mmoja) na kutaka kuegesha injini moja kiwandani huku nyingine ikizunguka, tenga reli moja ya njia ya pembeni kwa kiungio cha plastiki na uipe swichi yake. Ukija kushawishika kuiunganisha njia hiyo na upande wa pili wa duaradufu, hakikisha inaingia kwa kupinda upande uleule ilioanza nao. Ikipinda upande mwingine, treni itarudi katika njia kuu ikiwa imegeuka, reli chanya itakutana na hasi, na umeme utakatika.

SWALI: Ninaishi Leicester, Uingereza, na ninatumia reli za Setrack za kampuni ya Peco. Njia yangu ya pembeni inachepuka kisha inarudi kwenda sambamba na njia kuu. Mabehewa yakivutwa kutoka hayana tatizo, yakisukumwa kuingia yanaanguka, tena daima mahali pamoja. Tatizo ni nini?

JIBU: Mahali hapo pamoja bila shaka ni pale kona ya pointi inapokutana na kona ya kurudi. Behewa la mbele limeshageukia kulia wakati la nyuma bado linageukia kushoto, viunganishi vinasukumana kimshazari, na lililo jepesi linatoka. Kati ya kona hizo weka kipande kilichonyooka kisichopungua urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Iwapo hakuna nafasi, acha njia ibaki ya mshazari, isirudi sambamba; itapendeza zaidi hata kwa macho. Kabla ya kung'oa chochote, ondoa injini, weka behewa moja na ulisukume polepole kwa kidole: likidunda hata bila mwenzake, basi kasoro iko kwenye kiungo.

SWALI: Mimi niko Nairobi. Nimekuwa nikitazama ile injini ya mvuke aina ya Garratt namba 5918 katika Jumba la Makumbusho la Reli, nami natamani siku moja kuwa na mfano wake. Kwa kuwa imeungwa kwa vifundo, je, inaweza kupita kona kama hizo za inchi 15?

JIBU: Garratt za daraja la 59, ambazo Beyer Peacock ya Manchester ilitengeneza 34 katika miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa na seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja peke yake, na bwela limening'inia katikati. Magurudumu ya mfano wake yanaweza kupita kona kali kuliko ya injini ndefu ya kawaida. Tabu ni mwili: injini yenyewe ilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 104, ambazo kwa uwiano wa 1:87 ni karibu milimita 365, na bwela lake huingia ndani ya kona huku matangi yakichomoza nje. Kwa reli ya mita moja, uwiano huo unakupa upana wa karibu milimita 12, unaojulikana kama HOm. Kabla ya kutandika chochote, kata kadibodi yenye urefu na upana wa kila sehemu ya injini, ziunge kwa pini mbili za kuzungukia, na uzipitishe juu ya kona uliyoichora, ukiweka alama kila mahali zinapofika nje ya mstari.