Usiziache Seli Kwenye Rangi

Juzi usiku binti mmoja wa shahada ya uzamili aliniandikia: "Dada, seli zangu zote zimekuwa buluu. Zimekufa?" Sikulala mapema. Miaka sita iliyopita swali hilo hilo lilinitoa machozi.

Nilipewa seli nyeupe za damu zilizotoka kwenye tangi la naitrojeni, nizihesabu kabla ya jaribio. Nikachanganya mikrolita 10 za seli na 10 za tripani buluu ya asilimia 0.4, rangi ya kutofautisha seli hai na zilizokufa, mara nikaitwa getini kupokea sampuli. Nimerudi, dakika 25 zimeshapita. Nikajaza chemba ya Neubauer, kile kioo chenye miraba cha kuhesabia seli, nikainamia hadubini: buluu tupu. Nikaandika kwamba zilizo hai hazifiki nusu, seli zikamwagwa. Wiki iliyofuata mwenzangu alihesabu tyubu nyingine ya mchangiaji yuleyule, karibu zote hai. Mkuu wangu alinisema mbele ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Hadi leo nikikumbuka, panauma.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu muda. Seli hai ina utando mzima, rangi haipiti. Iliyokufa utando umetoboka, rangi inaingia hadi ndani. Lakini rangi yenyewe ni sumu. Hata jina lake limetokana na tripanosoma, vimelea vya malale, kwa kuwa inaviua. Ukiziacha seli hai humo, nazo huishia kuinywa. Kwa hiyo chemba iwe tayari kabla hujagusa rangi, na uhesabu ndani ya dakika 3 hadi 5.

Na uzioshe kwanza! Protini za seramu, yaani majimaji ya damu, hushika rangi, ukabaki unatazama ukungu wa buluu. Changanya kwa kupandisha na kushusha pipeti taratibu, maana seli zilizogandamana hazihesabiki. Kisha wastani wa miraba minne ya pembeni, zidisha kwa 2 kwa kuwa nusu ya mchanganyiko ni rangi, zidisha kwa 10,000, umepata idadi kwa mililita.

Leo mimi ndiye ninayewafundisha wageni wa maabara yetu kuhesabu. Wadogo zangu, sote tunataka kuchapisha, tunataka uzamivu. Basi akikuita mtu ukiwa na rangi mkononi, mwambie asubiri. Awe profesa, asubiri. Seli zile ni damu ya mtu aliyekubali kuchomwa sindano.

Binti amejibu asubuhi ya leo. Amerudia kwa tyubu mpya, saa mezani: asilimia 91 hai.