Maswali ya Wasomaji: Gobore mbele ya mnyama mkubwa

*Naishi Anchorage, Alaska, na mwaka huu nimepata kibali cha kuwinda baisani, yule nyati wa Amerika, wa Delta Junction. Nina gobore la kiwandani, kaliba .54, na kwenye mtutu pameandikwa 1:48. Muuzaji ananisukumia gololi, rafiki yangu anasisitiza risasi ndefu ya greni 425. Nimsikilize nani?* — M. K.

Msikilize rafiki yako, lakini upime kwanza mtutu wako.

Kisheria hakuna ugomvi. Kanuni za Alaska kwa baisani zinataka gobore la kaliba .54 au zaidi, au la .45 na kuendelea endapo linapiga risasi ndefu isiyopungua greni 250. Hicho ni kiwango cha chini cha kukuruhusu kuingia porini tu. Gololi inayoingia kwenye .54 yako, ile ya .530, ina greni 224 hivi, yaani gramu 14.5. Risasi ya rafiki yako ina gramu 27.5. Tundu zinazotoboa kwenye ngozi ni karibu sawa, ila ya pili ina uzito unaokaribia maradufu nyuma ya tundu lile lile. Dume la baisani hupita kilo 800, na kabla ya kuufikia moyo kuna manyoya, misuli, mbavu pana, na ukikosea kidogo tu, kombe la bega. Gololi laini ikikutana na mfupa huo hubapa kama kitumbua kilichokanyagwa na kuishia njiani. Isitoshe, kwa umbo lake gololi inashindana vibaya na hewa: ikifika mita 100 imekwisha kupoteza zaidi ya theluthi ya kasi yake.

Sasa huo mtutu. Michirizi iliyo ndani yake ndiyo inayoizungusha risasi, na kadiri risasi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyodai mzunguko wa haraka. Kuna hesabu ya zamani ambayo bado inafaa kwa risasi zilizosubiwa kwa madini ya risasi: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha zidisha kwa 150, halafu gawanya kwa urefu wa risasi. Kipenyo chako ni milimita 13.7. Tuseme risasi ya greni 425 ina urefu wa milimita 22. Jibu ni 1,280. Maana yake inahitaji kuzunguka mara moja katika kila milimita 1,280 au pungufu ya hapo. 1:48 ni mzunguko mmoja kwa inchi 48, sawa na milimita 1,219. Umepita, ingawa si kwa nafasi kubwa. Ukijaribu nzito zaidi yenye urefu wa milimita 27, hesabu inashuka hadi 1,043 na mtutu wako hautaiweza: itapinduka hewani na kutoboa karatasi kwa ubavu. Ukiona matundu marefu kama ya funguo badala ya duara, hilo ndilo tatizo, wala usisumbuke kurekebisha shabaha.

Usiamini maandishi ya mtutu peke yake. Hakikisha gobore ni tupu, funga kitambaa kinachobana kwenye mdeki, mdeki wenyewe uwe unazunguka kwenye mshikio wake, sukuma hadi chini, weka alama ya kalamu juu ya mdeki, kisha uvute polepole. Alama ikigeuka nusu duara katika milimita 610, una 1:48 kweli. Wenye mitutu ya 1:66 au 1:72 wabaki na gololi, wasogee karibu, na wapige mnyama akiwa amesimama ubavu tu.

Baruti anzia greni 70 za baruti nyeusi ya FFg (yenye chembe za ukubwa wa kati), panda kwa greni 10, ukome pale panapokupa kundi dogo la matundu. Kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gobore lako usikivuke hata kama rafiki amekivuka na yuko hai. Baruti isiyo na moshi isiingie kabisa humo, itapasua mtutu. Na kama unatumia baruti mbadala, ipime kwa kibaba, yaani kwa ujazo: nyingi ni nyepesi kuliko nyeusi, ukiziweka kwenye mizani hadi zifike greni 90 utakuwa umezidisha.

Jambo moja kuhusu mnyama mwenyewe. Nundu ya baisani humdanganya mgeni, akalenga katikati ya anachokiona, risasi ikapita juu. Moyo uko theluthi ya chini ya kiwiliwili, nyuma tu ya kiwiko.

*Nasubu risasi zangu mwenyewe hapa Ohio. Nimesikia kwa wanyama wakubwa lazima risasi iwe ngumu, lakini nikiiweka ngumu haitaki kuingia kwenye mtutu, au inaingia na shabaha inaharibika. Nichanganye kiasi gani?* — J. A.

Kiswahili kimetuchezea hapa: risasi ni madini na risasi ni kile kinachotoka mtutuni, kwa hiyo mtu hudhani kimoja ni lazima kiwe kingine. Madini safi yana ugumu wa 5 hivi kwa kipimo cha Brinell, na ukucha unayakwaruza. Kwa paa hiyo ni sifa. Kwa mnyama mwenye mfupa mzito ni kasoro.

Kilo moja ya risasi safi kwa gramu 50 za bati inakupa ugumu wa karibu 10. Hapo pua haibapi ovyo, lakini pia haivunjiki. Sisi tungeishia hapo. Antimoni, ndugu yake wanja wa manga, inaongeza ugumu haraka zaidi, lakini ikizidi risasi inakuwa kama kigae: ile aloi ya herufi za mitambo ya uchapaji hufika 22, na ikigonga bega hupasuka vipande.

Tatizo lako la shabaha linatokana na jinsi risasi ndefu inavyoshika michirizi. Inaingia ikiwa nyembamba kidogo, kisha mlipuko unaigonga matakoni na kuitanua. Ngumu haitanuki, moto unapita pembeni, unaichoma, na mtutu unabaki na utando wa madini. Tiba ziko mbili. Ya kwanza, izungushie karatasi, mizunguko miwili, ili karatasi ndiyo ishike michirizi. Ya pili, weka kizibo cha sufi iliyobanwa, kilichopakwa nta na shahamu, kati ya baruti na risasi. Anayepiga gololi hana shida hii hata kidogo, kwa sababu kinachoshika michirizi yake ni kitambaa. Gololi ngumu kwenye kitambaa kizuri hulenga sawa na laini.

Risasi zenye tundu matakoni na kuta nyembamba, zile za muundo wa Minié, ziache kwa baruti nyingi. Ukuta hutanuka kupita kiasi au hukatika, na risasi hutoka imepinda.

Kwenye jiko: risasi safi huyeyuka kwa nyuzi 327; subu kwa 400 hivi. Ikitoka na mikunjo, kalibu ni baridi. Ikitoka na ukungu mweupe, umezidisha moto. Pima kila moja kwenye mizani na urudishe chunguni iliyopungua zaidi ya asilimia moja, maana ina kiputo cha hewa ndani. Ukiyeyusha vyuma vya kusawazisha magurudumu, angalia: vingi siku hizi ni zinki, nayo huyeyuka kwa 419. Chungu kikiwa chini ya 400 zinki itaelea, uiopoe. Ikichanganyika, mchanganyiko wote hautajaza kalibu vizuri. Fanyia kazi hiyo nje au penye upepo. Tone moja la maji likiingia chunguni hurusha madini ya moto usoni.

*Rafiki yangu alitembea nusu siku na gobore lililoshindiliwa, mtutu ukiangalia chini kwa sababu ya theluji. Alipofyatua mtutu ulivimba katikati. Baruti ilikuwa kipimo chake cha kila siku.* — S. H., Minnesota

Baruti haina kosa. Risasi ndefu isiyo na kitambaa huteleza mbele kidogo kidogo kwa mitikisiko, ikaacha pengo kati yake na baruti. Ukifyatua, risasi iliyosimama mbali inakuwa kama kizibo, na mtutu huvimba pale pale ilipokuwa. Mdeki uwe na alama mbili: mtutu mtupu, na mtutu ulioshindiliwa. Uteremshe kila baada ya saa moja na kila mara kabla ya kumsogelea mnyama. Alama ikipanda hata upana wa kidole, shindilia tena.

*Nimefika kwenye kaburi la Selous kule Beho Beho. Hivi ni kweli aliwinda tembo kwa gobore?* — Msomaji, Morogoro

Kweli, alipoanza. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, alifika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa na miaka 19, na kati ya 1872 na 1874 aliua tembo 78 kwa magobore mepesi yasiyo na michirizi ya kaliba iitwayo nne, kwa kuwa gololi nne zake zilifanya ratili moja. Moja ilikuwa na greni 1,750, gramu 113, ikisukumwa na gramu 35 hivi za baruti. Linganisha na gramu 6.5 anazoweza kutumia ndugu yetu wa Anchorage. Mtutu usio na michirizi ulimlazimu asogee karibu sana, na mateke ya bunduki yalimwachia woga wa kufyatua ambao yeye mwenyewe aliujutia baadaye.

Wawindaji wa zama hizo waliongeza bati au zebaki ili gololi isibapike kwenye fuvu. Bati chukua. Zebaki achana nayo: huchemka kwa nyuzi 357, karibu kabisa na pale risasi inapoyeyuka, na mvuke wake ni sumu.

*Gobore la babu lipo nyumbani Tabora. Nikisubu risasi ngumu, linafaa kwa nyati?* — K. M.

Hapana. Nyati nchini Tanzania anawindwa kwa leseni, kwa bunduki isiyopungua kaliba .375. Na kama mtutu huo ni bomba la maji lililochongwa na fundi wa kijijini, risasi nzito inapandisha shinikizo ambalo bomba halikuundwa kulistahimili; hupasuka upande wa nyuma, palipo na jicho na mkono wako. Lipeleke polisi ukaulize usajili wake.