Kabla ya kugusa kemia, fuata njia ya mzigo

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Ni wakili mchanga hapa Mwanza, nimepata kesi yangu ya kwanza ya bangi. Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasema ni bangi, kilo 18. Kemia niliiacha kidato cha nne. Nianzie wapi kuipinga? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Kemia iache kwanza. Mara nyingi tatizo haliko maabara, liko njiani, kati ya askari aliyekamata na meza ya mkemia. Katika rufani ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilitaka maandishi yanayofuatana: kukamata, kutunza, kukabidhiana, kupima, hadi mwisho wa kielelezo. Basi orodhesha kila aliyeushika mzigo, tarehe na saa, kisha linganisha hati ya ukamataji, rejesta ya vielelezo ya kituo na fomu iliyopeleka sampuli. Ukikuta siku tatu hazina mwenyewe, mtunza vielelezo ana maswali ya kujibu.

Lakiri, yaani muhuri wa kufungia mzigo, nayo: nani alifunga, mbele ya nani, akaweka alama gani? Askari akitaja mfuko mweusi na mkemia akaandika kiroba cheupe, usiliachie.

Uzito unadanganya. Bangi mbichi hukauka ikapungua, kwa hiyo kupungua peke yake si hoja. Uliza kama ilipimwa pamoja na mfuko, na mzani ulihakikiwa lini. Uzito ukiongezeka, shikilia hapo hapo.

Wengi wetu huumia mapema zaidi. Kwenye usikilizwaji wa awali, kabla ya mashahidi kuanza, wakili anakubali ripoti kuwa jambo lisilobishaniwa, na kuanzia hapo inahesabika imethibitishwa! Usikubali. Pinga pale inapoombwa ipokelewe, usingoje majumuisho (hoja za mwisho), na omba mkemia aitwe.

Nyaraka iliyopokelewa bila kusomwa kwa sauti mahakamani huondolewa kwenye kumbukumbu za kesi wakati wa rufani. Usiitegemee sana hoja hiyo: maelezo ya mdomo ya mkemia yanaweza kuziba pengo lake, kwa hiyo mdodose kikamilifu hata kama unaamini ripoti itatupwa.

Na hoja hii ya njia ya mzigo usiihamishie kila kesi. Mahakama huilegeza kwa vitu visivyobadilishika kirahisi mikononi. Bangi hubadilishika, ng'ombe wa wizi mwenye chapa, hapana.