Re: Daraja la tatu kwenye Titanic walilala wapi?
Mkuu umeuliza kama ni kweli abiria wa daraja la tatu kwenye Titanic walirundikwa chini kama mizigo. Hapana aisee, hizo zilikuwa meli za zamani zaidi. Hii ya 1912 walikuwa na vyumba kabisa, vya watu wawili hadi kumi, vitanda vya dabodeka, taa za umeme, na msosi ulikuwa ndani ya nauli, mkate unaokwa humohumo melini, wakati wahamiaji wa miaka ya nyuma walikuwa wanapanda na vyakula vyao wenyewe.

Ila wanaume waliosafiri peke yao waliwekwa mbele kwenye omo, wanawake peke yao na familia nyuma tezini, kwahiyo kuonana ni kukatiza ile korido ndefu ya sitaha E, mabaharia waliiita Scotland Road, inakaribia kumaliza meli nzima.

Kinachoniuma mimi ni kuoga: daraja la tatu watu zaidi ya 700, mabafu mawili tu, moja la wanaume moja la wanawake!! Na huko juu daraja la kwanza wana lifti tatu, jimu na bwawa la kuogelea.